Mizani ya Mama Kavuo

Mama Kavuo, muuzaji wa kakao wa Beni, hakutulia kwenye kiti. Binti yake Agar, mwalimu wa fizikia kule Butembo, alikuwa amemweleza kwamba uzito wa chembe moja ndogo unatokana na hesabu mbili kubwa mno zinazofutana, hadi kubaki kidogo tu.

"Magunia mbili ya mashamba mbili, uzito tofauti mbegu moja tu? Kuko mutu alitia mukono! Muangalie chini ya mizani."

"Tuliangalia, mama. Siye watu wa fizikia tulifikiri kila chembe iko na mwenzake wa kuisawazisha. Mashine kubwa ya kugonganisha chembe inatafuta hao wenzake miaka mingi, lakini haiyaona kitu."

"Basi miye hapana kuuzisha kwa mizani ya vile. Nabeba magunia yangu, naenda."

"Utaenda wapi, mama? Dunia yote iko juu ya hiyo mizani."