Spea Si Pikipiki

Daktari wa macho huja hospitali yetu mara moja kwa mwezi, na nafasi zake hutolewa asubuhi kwenye tovuti, wanaowahi ndio hupata. Jicho langu la kulia limeshafunikwa na mtoto wa jicho. La kushoto liko njiani. Cherehani nimeifunika shuka, maana hata uzi sioni. Kwa hiyo simu alishika mume wangu, fundi pikipiki, ambaye mtaa mzima humwita Fundi, hata mimi.

Akajaza jina langu, umri na ugonjwa. Kisha tovuti ikataka tuthibitishe kwamba sisi si roboti.

"Eti nichague vipande vyote vya picha vyenye pikipiki," akacheka. "Leo wamekuja kwa mwenyewe!"

Akabonyeza, akakataliwa. Akaletewa picha nyingine, akakataliwa tena. Akafuta grisi vidoleni, akaanza upya, wapi! Nilichoka, jamani. Nilichoka kuliko msimu wa kushona sare za shule.

"Fundi, umebonyeza vyote?"

"Vyote vyenye pikipiki."

"Hujaacha hata kimoja?"

Akasita. "Hiki cha pembeni nimekiacha. Kina kioo tu."

"Kioo cha nini?"

"Cha pikipiki."

"Sasa?"

"Sasa kioo ni spea, mama. Spea si pikipiki. Mteja akiniletea kioo, nitasema ameniletea pikipiki?"

Damu ilinichemka. Mimi napofuka, mwenzangu anabishana na picha! Nikamnyang'anya simu. Niliona ukungu na weusi weusi, basi. Palipo na weusi nikabonyeza, bila kuuliza injini iko wapi wala tairi liko wapi.

"Imekubali!" akapiga kelele, akaichukua simu. "Mke wangu, imekubali!"

Halafu akaanza kusoma kwa kunong'ona.

"Inasemaje?"

"Fundi, inasemaje?" nikarudia, nikamvuta shati.

"Nafasi zimejaa," akasema. "Tujaribu mwezi ujao."

Akaweka simu chini, akakaa kitandani kando yangu. Nikamgeukia nimtazame usoni, nijue kama amekasirika au analia. Tulikuwa karibu kiasi kwamba pumzi yake ilinigusa shavuni, na bado sikuweza kujua.