Mtumishi, Hali ya Hewa

Saa moja na robo asubuhi ya Jumanne, Fundi alikuwa ameinamia cherehani akiunga kitambaa cha rangi ya chungwa na kitambaa cheupe, pande kwa pande, pande tano kwa jumla. Alikuwa anashona mfuko wa upepo wa uwanja wa ndege, ule unaoning'inizwa kwenye mlingoti ili rubani ajue upepo unatokea wapi. Mfuko wa zamani ulikuwa umechanika mdomo, na chuo cha urubani hakikusumbuka kutafuta fundi mjini, kwa sababu mwalimu wao wa hali ya hewa alikuwa amemwoa mmoja.

Mwalimu huyo alikuwa mezani akimalizia chai. Alipoinuka kuchukua mkoba wake, kiti hakikulia. Kwa miaka kumi na tisa kiti kile kilikuwa kimelia kila alipokikalia na kila alipokiacha, na Fundi alikuwa amekizoea kama mtu anavyozoea kikohozi cha jirani. Akainua kichwa.

"Baba Pacha, umekonda?"

"Sijakonda. Nimepungua uzito tu."

"Si ni yale yale?"

"Si yale yale," alisema Mwalimu, ambaye hata nyumbani hakuacha kufundisha. "Aliyekonda amepoteza nyama. Mimi nyama ninayo yote, ila haina uzito. Ni tangu orodha ibandikwe."

Mambo ya orodha yalikuwa hivi. Mwezi uliotangulia, chuo kilifanyiwa uhakiki wa watumishi. Nia yake ilikuwa njema: kuwasaka watumishi hewa, yaani wale walioko kwenye karatasi lakini kazini hakuna aliyewahi kuwaona. Kila mtu aliandikwa jina na cheo. Cheo cha Mwalimu kilikuwa "Mtumishi, Hali ya Hewa". Kisanduku cha cheo, kwa bahati mbaya, kilikuwa na nafasi kumi na tatu tu, na Karani wa chuo alikuwa mtu nadhifu asiyependa maneno yamwagike nje ya mstari. Akatafuta cha kupunguza. "Mtumishi" asingeweza kuliondoa, maana bila hilo mtu si mtu. "Hewa" ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Akaondoa "Hali ya", pamoja na mkato wake, kwa kuwa hali hubadilika. Kilichobaki kilienea kwenye kisanduku bila kupungua wala kuzidi. Huko juu walisoma "Mtumishi Hewa", wakafurahi kuona chuo kinachosema ukweli wake chenyewe, wakampigia mstari mwekundu.

Mwalimu hakuwa mtu wa kubishana na maandishi. Alianza kuwa hewa siku ile ile.

Fundi alifanya ambalo fundi yeyote angefanya. Alifumua pindo la pazia la sebuleni, akatoa vile vyuma vidogo vinavyolishikilia pazia lisipepee, akavishona kwenye pindo la suruali ya mumewe. Mwalimu akaenda kazini kwa mwendo wa kawaida. Chini ya orodha palikuwa na mstari mdogo: malalamiko yangepokelewa hadi Ijumaa saa sita mchana. Hawakuhitaji kuambiwa zaidi. Maneno mawili yakirudi kabla ya saa hiyo, uzito ungerudi; yasiporudi, ndiyo basi tena.

Jumatano Fundi alipeleka mfuko wa upepo chuoni, akasimama kidogo mlangoni mwa darasa. Wanafunzi walikuwa tisa. Aliyekaa mbele kabisa walimwita Nesi, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, muuguzi wa zamani, aliyekuja kujifunza kurusha ndege za kubeba wagonjwa kwa sababu alikuwa amechoka kuwapokea waliochelewa kufika. Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni. Mwanafunzi mmoja alimwomba asogee kidogo, kisha akasema, "Basi Mwalimu, usijisumbue. Naona."

"Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi," Mwalimu alikuwa anasema. "Ikipoa, mzigo unaishinda. Ile digrii ambayo mzigo unaishinda ndiyo tunaiita kiwango cha umande. Sasa, joto na umande vikikaribiana?"

"Funga duka!" darasa likajibu.

"Kwa nini?"

"Ukungu!"

Mwalimu akafungua dirisha la upande wa kivulini. Baridi ya asubuhi ikaingia, na mkono wake wa kushoto ukawa ukungu hadi kwenye kiwiko. Akauweka juu ya meza ili walio nyuma waone. Wakauchora. Wawili wakaanza kubishana kama huo ni ukungu au ni wingu lililokaa chini, sauti zikapanda.

"Msichafue hali ya hewa," alisema Mwalimu. "Nimeipima asubuhi."

Ulikuwa utani wake wa kila siku, na wanafunzi walicheka kila siku, kwa sababu walimpenda. Fundi pale mlangoni alicheka pia, halafu akaona kwamba anaona mlingoti wa nje kupitia kifua cha mumewe.

Kipindi kilipokwisha Nesi alitoa mashine yake ya kupimia presha, akamfunga Mwalimu mkono uliobaki. Mashine haikuwa imetengenezwa kwa namba kubwa, lakini ilijitahidi. Ikaonyesha elfu moja na kumi na mbili. Nesi akageuka kuangalia barometa ya ukutani, ile inayopima mgandamizo wa hewa, nayo ilisoma elfu moja na kumi na mbili.

"Uko sawa na siku yenyewe," alisema.

"Hiyo ndiyo namba ya kuweka kwenye kipimo chako cha urefu kabla hujaruka," alisema Mwalimu. "Usiruke na namba ya jana. Namba ya jana itakuambia uko juu ya mlima, kumbe uko ndani yake."

Alhamisi Fundi alivaa gauni lake la kwendea ofisini, akaenda kwa Karani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuhusu mume wangu. Mmemwondolea maneno mawili."

Karani alifungua jalada, akapitisha kidole, akafika. Hakubisha hata kidogo.

"Kweli, mama. Kosa ni langu. Kisanduku kilikuwa kidogo."

"Basi yarudishe."

"Hata sasa hivi. Ila kuna fomu. Mhusika aje mwenyewe, aisaini mbele yangu."

"Mhusika ni hewa."

"Ndivyo ninavyoona hapa," alisema Karani, kidole kikiwa bado kwenye mstari.

"Lakini wewe unamjua! Mnakula meza moja!"

"Namjua sana, mama. Si ndiye aliyeniambia nifunge turubai siku ya harusi ya dada yangu, na jua lilikuwa linawaka? Bila yeye tungelowa na bibi harusi wetu. Lakini kumjua si kusaini."

Akamtengea chai. Fundi alitaka kumchukia, akashindwa. Ni kazi ngumu kumchukia mtu anayekiri kosa lake kila unapomwambia. Aliinywa ile chai kwa hasira mpaka chini.

Jioni ile suruali yenye vyuma ilikaa yenyewe kwenye kiti. Sauti ya Mwalimu ilikuwepo bado, lakini nyembamba, ikitokea kila upande wa chumba.

"Mama Pacha, usilie. Mbingu iko wazi na upepo umelala. Usiku wa namna hii ardhi hupoa haraka. Alfajiri joto litafika kwenye umande."

"Na wewe utakuwa ukungu?"

"Nitakuwa ukungu. Na ukungu huandika kwenye kioo."

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu walitoka pamoja, Fundi akiwa na kitenge mabegani, mumewe akitambaa kando yake, urefu wa kifundo cha mguu. Muuza magazeti aliwasalimu wote wawili. Mfagizi wa barabara aliinua ufagio wake ili Mwalimu apite, kisha akaendelea kufagia.

Karani alikuwa amewahi kuliko siku zote. Alikuwa amefuta dirisha la ofisi, na kwa ndani ameishika fomu iliyokunjuliwa nyuma ya kioo, mahali pa saini pakitazama nje. Mwalimu akapanda ukutani. Kioo kikafifia, na katikati ya ule mvuke ikajichora saini yake, taratibu, pamoja na ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho. Fundi aliujua mkia huo. Ulikuwa pia kwenye cheti chao cha ndoa, umepitiliza hadi kwenye saini yake mwenyewe, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akimtania kwamba hata kwenye karatasi hakumpa nafasi ya kupumua.

Mkuu wa ofisi alifika saa mbili, akavaa miwani.

"Saini ni yake, hilo siwezi kulikana," alisema. "Lakini fomu inataka wino wa bluu au mweusi."

"Tungoje kidogo, mkuu," alisema Karani. "Labda itakolea."

Wakangoja. Mkuu alikuwa mtu wa haki, na alitoa nafasi yote ambayo fomu ilimruhusu kutoa. Lakini jua lilikuwa limeshatoka. Joto likapanda digrii moja, kisha tatu. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekuwa akifundisha kwamba ukungu hauendi popote. Hewa ikipata joto, hupata nguvu ya kuubeba tena, basi. Saa tatu na dakika kumi kioo kilikuwa kikavu. Karani aliiweka fomu mezani, akaipangusa kwa kiganja ingawa haikuwa na kitu, akaandika kwenye nafasi ya maelezo: "Mhusika hakufika." Kwa maneno hayo kisanduku kilitosha.

Fundi alikaa kwenye ngazi za ofisi na kulia kwa sauti, mchana kweupe, bila kujali ni nani anapita. Kitu kikampepea shingoni, pale pale alipokuwa akipenda kupapaswa. Saa sita orodha ilifungwa.

Jumatatu ilikuwa zamu ya Nesi kuruka peke yake kwa mara ya kwanza. Fundi alikwenda kuangalia, kwa kuwa mfuko mpya wa upepo ulikuwa umepandishwa mlingotini na fundi hupenda kuona kazi yake imevaliwa. Siku ilikuwa tulivu. Nyuma ya vilima palikuwa na wingu moja tu, refu, kilele chake kimetandazwa bapa kama meza. Mfuko ulining'inia kama soksi iliyovuliwa.

Nesi alipeleka ndege hadi mwanzo wa njia ya kurukia, akaigeuza, akasimama. Mwongozaji kwenye mnara akasoma vyombo vyake, akamwambia redioni: "Upepo shwari. Una ruhusa ya kuruka."

Hapo mfuko wa upepo ukainuka.

Uliinuka mkunjo kwa mkunjo, pande tano zote, hadi ukanyooka kabisa. Mfuko kunyooka hivyo hutaka upepo wa mafundo kumi na tano, ndivyo mwendo wa upepo unavyopimwa, na majani chini ya mlingoti hayakutikisika hata moja. Mdomo wake ulielekea vilimani, mkia ukanyooshwa kuelekea ndege inakotaka kwenda. Maana yake upepo unatokea nyuma ya rubani, na hakuna rubani mwenye akili timamu anayeruka akisukumwa mgongoni.

"Mfuko umejaa," alisema Nesi.

"Vyombo vinasema shwari," alisema Mwongozaji. "Ruka."

"Mfuko umejaa. Nangoja." Kisha, akiutazama mlingoti: "Nimesikia, Mwalimu."

Alizima injini. Dakika sita baadaye pumzi baridi ya lile wingu ilishuka kutoka vilimani, ikapita uwanjani kwa kishindo, ikaangusha pikipiki mbili zilizoegeshwa na kung'oa bati moja la banda la ndege. Ndege ya Nesi ilitikisika, ikabaki chini, mahali salama. Fundi alikuwa ameshika mlingoti kwa mikono miwili. Juu yake mishono yote ilikuwa imeshika.

Mwongozaji alijaza daftari lake: "Upepo: shwari. Mwanafunzi alichelewa kuruka bila sababu."

Baada ya wiki mbili barua ilitoka juu kukipongeza chuo kwa kumwondoa mtumishi hewa mmoja. Ilibandikwa ubao ule ule. Karani aliisoma kila alipopita, na kila mara alisema kwa sauti kwamba kosa lilikuwa lake. Mwalimu mwingine hakutafutwa, kwa sababu kwenye orodha hapakuwa na nafasi iliyoachwa wazi. Saa nne wanafunzi hufungua madirisha yote, na Nesi husoma kutoka kwenye daftari lake. Akikosea, karatasi hufunuka zenyewe hadi ukurasa unaotakiwa. Wakibishana sana, mlango hujigonga mara moja, nao hucheka.

Nyumbani, Fundi alifumua suruali, akatoa vyuma na kuviweka kwenye kopo la vifungo. Hakuvirudisha kwenye pazia. Saa kumi na moja na nusu jioni, chuo kinapofungwa, huchemsha maji ya chai, huweka vikombe viwili, hufungua dirisha, na kukaa mkabala na kiti kile. Pazia huinuka. Chai ya kikombe cha pili hupoa haraka kuliko ya kwanza.

Mwalimu alikuwa ameacha daftari la vipimo vya kila siku, na mkewe hakuona sababu ya kuliacha likae tupu. Alikuwa amemsikia mumewe mara nyingi, kutoka chumbani, akiandaa masomo yake kwa sauti na kusema kwamba upepo hauitwi kwa unakokwenda bali kwa ulikotoka: wa kaskazini umetoka kaskazini, wa bahari umetoka baharini. Basi Fundi huchukua kalamu ya wino mweusi na kuandika saa, na mwendo, mafundo matatu, siku nyingine mawili mumewe akiwa amechoka. Halafu kwenye nafasi ya jina, ambayo katika daftari lile ni pana kabisa, huandika: upepo wa kazini.