Sentimita Mbili

Kila asubuhi, kabla hata ya kuulizia chai, mzee alipiga randa shuka la kitanda chake. Alikaa ukingoni, akashika hewa kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika chombo chenye uzito, akasukuma kutoka mchagoni kuelekea miguuni, taratibu, bila pupa. Kila baada ya misukumo mitatu aliinama akapuliza maranda ambayo hayakuwepo. Kisha alipitisha kiganja juu ya shuka, akakunja uso. Bado palikuwa na mahali panapokwaruza.

Binti yake alimtazama kutoka mlangoni, kikombe mkononi, chai ikipoa. Alikuwa fundi cherehani wa miaka arobaini na ushee, mwepesi wa mkasi na mwepesi wa ulimi. Wateja wake walizoea kusema kwamba anaweza kukushonea na kukusema kwa wakati mmoja. Lakini mbele ya mlango ule ulimi wake uligeuka jiwe. Miezi miwili ilikuwa imepita tangu baba yake amwite "mwanangu". Wala hakumpa jina jingine badala yake. Alimwangalia tu, kwa adabu, kama mtu anavyomwangalia mwenzake asiyemjua kwenye benchi la kusubiri.

"Mpe kitu cha kazi yake," muuguzi alikuwa amemwambia wiki iliyotangulia, akikunja kipimo chake cha presha. "Akikishika, huenda akarudi kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Saa moja. Pengine dakika tano. Dada, sikuuzii ahadi."

Dakika tano zilimtosha. Mwenye kiu haulizi ukubwa wa kata.

Ndiyo maana asubuhi ile, baada ya kumnywesha mzee chai na kumkalisha kibarazani, aliliburuta sanduku la vyombo kutoka chini ya meza ya kukatia nguo, akafungua kufuli ambalo alilifunga mwenyewe miezi minane nyuma. Harufu ya mbao na mafuta ya misumeno ilimpanda puani. Vyombo vilikuwa vimelala kwa mpangilio, patasi kwa patasi, kama watoto wa nyumba yenye nidhamu. Chini kabisa, ndani ya gazeti lililopauka, palikuwa na ubao wa sinia.

Sinia hilo lilikuwa la binti. Baba alikuwa ameudhiwa na lile la plastiki ambalo yeye aliwapelekea wateja chai, lenye maua yaliyofifia hadi kufanana na madoa. "Fundi hawezi kukaribisha watu kwa kitu kama hiki," alisema, akaanza kumtengenezea la mbao. Ubao wa chini alikuwa ameumaliza: vipande vyembamba, vyeusi na vyeupe, vimepishana na kuungana kwa gundi kama ukili ndani ya mkeka, pasipo mwanya wa kupenyeza hata kucha. Kilichobaki ni fremu. Mbao nyekundu za fremu zilikuwepo, hazijakatwa. Na karatasi ilikuwepo, kwa mwandiko wa mzee uliolala kulia: *ndefu 48, fupi 32, kona za mshazari.*

Binti mwenyewe ndiye aliyemzuia asimalize.

Kweli mzee alikuwa ameanza kusahau. Sufuria liliungua mpaka kitako kikatoboka. Bomba liliachwa wazi likafanya jikoni kuwa dimbwi. Hayo binti aliyameza, maana hata wenye akili zao timamu huunguza sufuria. Kilichomkaba koo ni namba. Siku moja jirani alikuja kuagiza rafu ya vitabu. Mzee akanyoosha futi yake ya chuma ukutani, akatamka kwa sauti, "Tisini na mbili," akatoa penseli nyuma ya sikio, akaandika tisini.

"Baba, umesema tisini na mbili," binti alisema.

"Ndiyo."

"Umeandika tisini."

"Ndiyo." Akacheka. "Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Mimi na futi hii tunajuana."

Jirani aliinamisha macho, na haya ya baba ikamwangukia binti mabegani. Jioni ile alimpigia kaka yake simu. "Anayejuana na futi leo, kesho atajuana na msumeno," kaka alisema. "Mfungie vyombo kabla hajajikata." Binti akafunga. Mzee hakugombana. Alisimama akilitazama kufuli kama anayekagua kazi ya fundi mwingine.

"Na sinia lako?"

"Utalimaliza ukipata nafuu, baba."

"Kwani naumwa?"

Binti alitia ufunguo mfukoni. Tangu siku hiyo mzee aliteremka, na mteremko wenyewe haukuwa na ngazi za kupumzikia.

Sasa binti alichukua futi ileile, akaikokota juu ya mbao nyekundu. Namba za mwanzo zilikuwa zimelambwa na dole gumba la miaka mingi, lakini arobaini na nane ilisomeka vizuri, na thelathini na mbili pia. Seremala yeyote angeulaza ubao wa chini pale, akalinganisha kabla ya kugusa msumeno. Yeye hakuwa seremala. Fundi cherehani hukata kwa namba, kwa kuwa mwili wa mteja haupo mezani; mteja yuko kwake, na kitabu cha vipimo ndicho mwili wake. Akaziamini namba za karatasi. Alikata polepole, ulimi umebanwa kati ya meno, jasho likimchuruzika kidevuni. Kona zilimshinda mara mbili, mara ya tatu zikakubali. Alipovipanga vipande vinne juu ya ubao, ubao ulichungulia nje kama gaguro chini ya gauni.

Alivigeuza. Akavigeuza tena. Akatoa futi yake ya kitambaa shingoni, akapima. Vipande virefu vilikuwa arobaini na sita. Vifupi, thelathini. Ubao, arobaini na nane kwa thelathini na mbili, kama karatasi ilivyosema.

"Si nilikwambia?" kaka yake alisema simuni. "Namba zilimtoka zamani. Na wewe ulikuwa unajilaumu bure kwa lile kufuli."

Maneno hayo yalimpa nafuu, nafuu chungu kama dawa ya malaria. Alikuwa na haki, basi. Lakini alipokata simu, ufundi wake mwenyewe ukaanza kumnong'oneza. Mkono ukikosea, hukosea huku kidogo na kule sana. Haukosei sentimita mbili, mbili, mbili na mbili. Na karatasi haikukosea popote. Alivifunga vipande kwenye kitambaa, akatia futi ya mzee mfukoni, akaenda yadi ya mbao.

Muuza mbao aliitwa Vumbi na mtaa mzima, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona rangi halisi ya nyusi zake.

"Fundi sindano!" alipaza sauti juu ya mngurumo wa mashine. "Leo umekuja kunishonea mbao?"

"Mdomo wako ndio unahitaji kushonwa. Nataka mbao nyekundu kama hii. Nimeharibu vipande vinne, sijui kosa ni langu au la karatasi ya mzee."

Vumbi alizima mashine. Aliisoma karatasi, akavitazama vipande, akakuna kichwa. "Mzee wako? Miaka ishirini na saba nimemuuzia mbao, hajarudi hata siku moja kusema amekata vibaya. Umepimia nini?"

Alitoa futi mfukoni. Vumbi aliiona, akapiga makofi, akainama kwa kicheko akishika magoti.

"Kibogoyo! Jamani, njooni! Kibogoyo yuko hai!"

Mafundi wawili waliacha kazi zao wakaja mbio. Mmoja aliishika futi kwa vidole viwili kama anayemshika mkono bibi yake. "Shikamoo, Kibogoyo," alisema, na wote wakacheka upya.

"Kibogoyo nini?" binti aliuliza. "Hebu semeni na mimi nicheke."

"Futi hii haina meno ya mbele," Vumbi alisema, akijifuta machozi. "Ilikatwa na mashine hii hapa unayoiona. Zikaenda sentimita mbili. Tukamwambia, mzee, nunua nyingine. Akakataa katakata. Akapigilia ncha upya kwa misumari, akasema mtu hamtupi mkewe kwa kung'oka meno. Ikawa akitaka arobaini na nane, anasoma hamsini. Anatamka hamsini, anaandika arobaini na nane. Futi ni yake peke yake, anasema, lakini karatasi ni ya watu wote. Tulimtania miaka kumi! Sasa wewe umeisoma kama msomi, ndiyo maana..."

 Kicheko kilikuwa kimebaki usoni pa Vumbi peke yake.

"Kwani hakukwambia?"

"Aliniambia," binti alisema.

"Basi?"

"Aliniambia mbele ya watu."

Mafundi wawili walikumbuka kazi zao.  Vumbi alichagua ubao mwekundu usio na fundo hata moja, akaupiga randa mwenyewe pande zote nne, akaufunga kwa kamba, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Njiani binti hakulia. Alihesabu. Sufuria lilikuwa kweli. Bomba lilikuwa kweli. Pengine mzee angeteremka hata kama sanduku lingebaki wazi mchana na usiku. Muuguzi alishasema ugonjwa huu haungoji ruhusa. Lakini siku ile ya rafu, katika jambo lile moja, kati ya watu watatu waliokuwa chumbani ni mmoja tu aliyekuwa anajua anachokifanya, na huyo ndiye aliyefungiwa. Neno "pengine" alilizungusha kichwani kutoka yadi hadi nyumbani, asipate mahali pa kulikalisha.

Kazi ilimchukua siku nne, katikati ya magauni mawili na sare za shule. Alijifunza kuongeza mbili kichwani kila aliposoma, na kila alipoongeza alisikia "Ndiyo" ya baba yake, ile fupi, isiyo na kinyongo. Alipaka gundi, akazibana kona kwa kamba za kitambaa kwa kuwa vibano hakujua kuvitumia. Alisugua kwa msasa mpaka alama za vidole zikamlainika. Akapaka vanishi mara tatu, akingoja ikauke, akiwafukuza wateja wasilishike sinia. "Zuri hilo! Utaniuzia?" mmoja aliuliza. "Nikuuzie mkono wangu?" alijibu, na mteja akadhani ni utani.

Alasiri ya siku ya tano aliweka juu yake vikombe viwili vya chai, akalipeleka kibarazani, akalilaza mapajani pa mzee.

Mzee aliliangalia kwa muda mrefu. Kisha aliviondoa vikombe kimoja kimoja, akaviweka sakafuni, maana chai haiwezi kukaa juu ya kazi inayokaguliwa.  Alipitisha kidole gumba juu ya ukingo, akaenda kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne akasimama, akapenyeza kucha.

"Hii imepumua," alisema. Sauti ilikuwa ya zamani, nzima, ya karakana.

 Binti alipiga magoti mbele yake. "Imepumua, baba. Sikuwa na vibano."

"Nani kafanya?"

"Mimi."

"Fremu. Fremu umefanya wewe. Lakini huu ubao..." Aliugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Huu ubao umefanywa na mtu anayejua."

"Umeufanya wewe, baba. Mimi nilikufungia vyombo usimalize. Nilidhani namba zimekutoka, kumbe ilikuwa futi, na wewe uliniambia, na mimi sikusikia. Nisamehe, baba."

Mzee alimtazama kwa makini, kwa huruma, akitafuta usoni pake kitu ambacho hakukipata. Kisha akamwekea kiganja begani, kama mkubwa anavyomtuliza mtoto wa watu.

"Usilie, mama," alisema. "Baba yako yupo hai?"

 Barabarani mtu alipita na baiskeli, kengele ikalia mara moja.

"Yupo."

"Ni fundi?"

"Fundi sana."

"Basi nenda kamwambie yeye maneno hayo uliyoniambia mimi. Mafundi hatuna kinyongo, tuna kiburi tu, kinaisha. Usikae hapa kumlilia mzee usiyemjua, na baba yako anakungoja."

"Nitaenda," alisema.

"Nenda leo."

"Leo."

Mzee aliinama kwa shida, akaokota kikombe kimoja kutoka sakafuni, akamnyooshea.

"Lakini kunywa kwanza. Anakaa mbali?"

Binti alikipokea kwa mikono miwili.

"Si mbali sana," alisema, akaketi sakafuni karibu na miguu yake, akaanza kunywa polepole.