Matone Meupe Ndani ya Jicho

Haya, mjukuu wangu, tegua hiki: nina dirisha, tangu nizaliwe sijalifuta, na vumbi halijaliingia. Umeshindwa? Basi nipe mji nikae raha. Ni lenzi, kile kioo kidogo kilicho nyuma ya mboni ya jicho. Nami nimeuona uso wake.

Nilikuwa nimemsindikiza mdogo wangu, fundi cherehani, kwa daktari wa macho. Jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu. Daktari, binti mpole, akamwekesha kidevu kwenye mashine, akachungulia.

"Mama, jicho hili liliwahi kukuuma ghafla, ukatapika?"

"Mimi? Macho yangu ya paka haya!"

"Paka gani anatungiwa uzi kwenye sindano na dada yake?" nikamwuliza.

"Dada, nyamaza bwana."

Nilijua anachoogopa: kukatazwa kushona. Cherehani ndiyo mume wake, ndiyo shamba lake.

Daktari akatugeuzia picha kwenye kompyuta. Yarabi! Katikati ya weusi wa mboni kulikuwa na vidoa vyeupe, kama maziwa yaliyodondoka sakafuni na hakuna aliyeyapangusa.

"Presha ya jicho ilipanda ghafla," daktari akasema, "ikaibana lenzi, ngozi yake ikafa hapa, na hapa, na hapa. Maumivu yamekwisha, makovu yamebaki."

Hebu fikiri. Kitu kidogo kama punje ya dengu, kimekaa gizani, kimetunza habari ambayo mwenyewe hataki kuisema!

"Na jicho la kulia njia yake ya kutolea maji ya ndani ni nyembamba vilevile," daktari akaendelea. "Likibanwa, unaweza kupoteza yote mawili. Natoboa kitundu kidogo kwa mwanga wa leza, maji yapite, na kushona utashona. Ila nijibu, mama. Liliwahi kuuma?"

Mdogo wangu aliitazama picha ile. Akanyoosha kidole, akagusa kidoa kimoja pale kwenye kioo cha kompyuta, taratibu, kama anayepapasa hariri ya mteja.

"Hivi ni mimi huyu?"

"Ni wewe."

Akamgeukia daktari.

"Liliuma, mwanangu. Taa ilizungukwa na pete za rangi, kichwa kikataka kupasuka, nikatapika mpaka nyongo. Dada nikamdanganya nimekula chakula kilicholala. Toboa."