Utulivu wa Bwana Rafaeli

Bwana Rafaeli alikwenda semina Dodoma siku chache, akarudi na akili mpya. Huko kaona ofisi zisizo na kuta, wafanyakazi wote ukumbi mmoja, eti ndiyo ushirikiano. Wiki hiyohiyo akaita mafundi, wakabomoa vyumba vyetu vyote vya msaada wa kisheria hapa Mpanda. Chumba chake hakikuguswa. Mkurugenzi anahitaji kufikiri, alisema, na sisi tukampigia makofi, watu wazima na vyeti vyetu.

Kilichofuata angekijua yeyote mwenye masikio. Meza ya mirathi wanabishana, meza ya ndoa wanalia, vitoto vinapiga kelele kwenye foleni, na Nassib wa vyeti vya kuzaliwa anaongea na simu kama anaita ng'ombe. Tukalalamika. Mkurugenzi akaingia chumbani kwake, akafikiri, akatoka na dawa: spika kubwa ya muziki, ile ya harusini, akaisimamisha katikati ya ukumbi. Kelele moja nzuri, alitufundisha, inafunika kelele mbaya nyingi, na hapo hakuna atakayesikia siri ya mwenzake. Nilimtazama usoni nione kama anatania. Maskini, hakuwa anatania.

Jumatano ni siku ya watu wa Katumba, yale makazi ya waliokimbia Burundi. Hilo nalo ni wazo lake: kila eneo na siku yake, ili watu wakodi gari moja. Basi wanakuja pamoja na wanakaa benchi moja, majirani, ndugu na wakwe.

Jumatano moja akaja mezani kwangu mjane mmoja, Emelyne, mama wa Pacifique, kitenge kakivuta mpaka kidevuni. Kwao mambo ya nyumbani hayatoki mdomoni hivihivi, na mjane anayemsema shemeji yake mbele ya watu amejitoa mwenyewe kwenye ukoo. Akanong'ona. Sikusikia kitu, bongo fleva ilikuwa inanguruma.

"Sema kwa nguvu kidogo, mama."

"Dada Hadia, watanisikia."

Aligeuka akatazama benchi. Alikuwepo pale mke wa shemeji yake, kama nilivyokuja kujua, amefuata cheti cha mjukuu. Nikainuka, nikagonga kwa Bwana Rafaeli, nikamwomba atupishe kidogo tuongelee humo.

"Hadia," akasema, "ushirikiano." Kisha akafunga mlango. Nilitamani kumtukana, nikakumbuka mshahara, nikarudi kukaa.

"Sema tu, mama," nikamwambia, mdomo karibu na sikio lake. "Kwa muziki huu hakuna anayesikia. Hata mimi sikusikii."

Akaniamini. Akajaribu mara moja, nikatikisa kichwa. Akajaribu tena, nikatikisa kichwa. Mara ya tatu akavuta pumzi, na alipofungua mdomo umeme ukakatika, kama kawaida yake. Spika ikazimika.

"Nataka kumshtaki shemeji yangu Jean Bosco kabla hajauza shamba la marehemu!"

Nadhani hata mlinzi wa getini alisikia. Ukumbi mzima ukawa kimya. Nassib alishusha simu. Vitoto vyenyewe vilinyamaza.

Mlango wa mkurugenzi ukafunguliwa. Alitoka anatabasamu, akatuzungushia macho, mikono kiunoni.

"Mnaona? Kumbe nyie mkitaka utulivu mnaweza."

Emelyne aliweka kiganja juu ya karatasi yangu.

"Usiandike," akasema.

Halafu akasimama, akaligeukia benchi, akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake, "Mie kwetu hakuna shida. Nilikuja kumsalimia dada tu."

Mke wa Jean Bosco alikuwa ameshainuka, simu bado iko mkononi. Alimfuata, akamshika mkono kwa upole, kama mtu na ndugu yake.

"Twende nyumbani, mama Pacifique. Nimeshampigia shemeji yako, atatupokea."