Mlango wa Mjomba

Kazini walimwita Binti Ramani, maana kutwa alikuwa mbele ya kompyuta akipachika vitone vyekundu juu ya picha ya mji. Kila kitone kilikuwa nyumba ya mjamzito aliyehudhuria kliniki. Asubuhi moja mganga mkuu alisimama nyuma yake, akagusa pembe ya ramani iliyokuwa nyeupe pe.

"Huku hawazai?"

"Wanazaa, Daktari. Hawaji tu."

Jambo lile lilimkera, kwa kuwa mtaa ule na zahanati vilikuwa pua na mdomo. Akaacha kupima umbali kwa mstari ulionyooka, akapima kwa njia wanazopita watu kwa miguu. Hapo ndipo alipoona. Kichochoro cha kwendea zahanati kilikuwa kimezibwa na ukuta, na wanawake walilazimika kuupanda mlima mzima. Ukuta wenyewe aliujua. Aliyeujenga, kando ya karakana yake, ni mjomba wake seremala, aliyemlea tangu mama yake alipofariki.

Alikwenda kwanza mtaani kuhakikisha. Mama mmoja aliyekuwa akianika nguo, tumbo limemtangulia, alicheka. "Mdogo wangu, mlima ule nikiupanda nitazalia huko huko juu. Bora nijikalie."

Jioni alimkuta mjomba karakanani akipiga randa. Akamwamkia, akaitandaza ramani juu ya meza ya kazi na kumweleza.

"Wezi walipitia kichochoro hicho wakanikomba mbao zote," mjomba alisema. "Umesahau?"

"Sijasahau, wala sijaja kukulaumu. Nimekuja uone. Hapa peupe wanajifungulia majumbani. Juzijuzi mmoja alishikwa na uchungu wa ghafla, wakambeba kupitia mlimani. Mtoto hakufika."

"Mke wa nani?"

"Wa kinyozi wako."

Randa ikasimama. "Jumamosi kaninyoa yule. Hakuniambia neno."

"Angekwambia nini, mjomba?"

 Mzee alipukuta vumbi la mbao mikononi, polepole, kisha akasema atafikiria. Binti alirudi nyumbani akijiona amemwumbua mtu aliyemlisha na kumsomesha.

Kabla wiki haijaisha, akasikia nyundo. Mjomba aliutoboa ukuta kwa mikono yake, akatia mlango wa mbao nzuri kuliko ule wa nyumbani kwake. Kila siku aliufungua alfajiri, akaufunga usiku ukiingia, huku akinung'unika kwamba mpwa wake amemfanya bawabu uzeeni. Wanawake walimpitia na salamu zao, naye akawaitikia bila kuinua kichwa. Kwenye ramani, vitone vilianza kimojakimoja, kisha vikasongamana. Yule mama aliyekuwa akianika nguo alijifungua salama mikononi mwa mkunga.

Na kwa kinyozi mjomba alikwenda peke yake, kutoa pole iliyochelewa. Alikaa huko muda mrefu. Waliyoongea hakuyasimulia, na mpwa wake hakuuliza.