Malimbuko ya Bibi Aikande

Elisaria alikuwa ameshavuka mfereji na kuishika njia ya kanisani, mkungu wa ndizi mshare begani, keni ya maziwa mkono mmoja na kuku mkono wa pili, wakati mama yake alipouliza kutoka kitandani kama chai ya leo ina maziwa.

"Haina, mae," akasema Eunike, mkamwana wake.

"Hata ya kudanganyia rangi?"

"Hata hiyo."

Bibi Aikande akapokea kikombe, akapuliza, akanywa. Hakuwa na jino hata moja. Daktari aliyempima Moshi mjini alikuwa amesema mwili umekauka, apewe maziwa asubuhi na jioni, na mchana mtori wa ndizi uliopondwa vizuri, la sivyo mahindi yajayo hatayaona yakivunwa. Alimwambia Elisaria hayo uso kwa uso. Elisaria akaitikia kwa kichwa, na wakiwa njiani kurudi Marangu akamweleza mkewe kwamba daktari yule ni kijana mzuri, shida yake hajamweka Mungu mbele.

Kwa Elisaria Mungu alikuwa mbele katika kila kitu, kwa maelezo ambayo Eunike aliyasikia mpaka akayazoea kama mtu anavyozoea harufu ya banda la ng'ombe. Mgomba huzaa mara moja, ukishazaa hukatwa. Kwa hiyo kila mkungu ni mzao wa kwanza wa mgomba wake, na mzao wa kwanza ni wa Mungu. Maziwa ya asubuhi ni ya kwanza ya mchana, na ya jioni ni ya kwanza ya usiku. Kuku hatagi mara mbili kwa siku, basi yai nalo ni la kwanza. Na katika mashamba, la kwanza ni kihamba cha marehemu baba yake, chenye migomba na kahawa na nyumba ya zamani, alichoachiwa yeye kitindamimba pamoja na mama wa kumtunza. Hicho ndicho kilikuwa cha Mungu. Shamba alilonunua mwenyewe kule chini, karibu na lami, lilikuwa la pili. Hilo liliruhusiwa kulisha familia, na familia ilishiba.

Siku moja Eunike alipanda kutoka chini na ndizi za shamba la pili, kazificha ndani ya kanga. Elisaria akazirudisha. Alisema hawezi kumwaibisha mama yake kwa kumlisha cha pili, mtu mwenye kihamba chake.

Usharika ulimpenda sana. Alikuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na mchungaji alipotaka mfano wa kutolea mahubiri hakwenda mbali.

Jumapili ile, ibada ilipokwisha, mnada wa sadaka ukaanza nje ya kanisa kama kawaida. Aliyenadi ni Sifael, fundi bomba, mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya mto.

"Mshare wa Mzee Elisaria! Tazameni vidole hivi. Mama Brenda, mbona unajificha? Mumeo tunamwona alivyokonda, kanisa zima limeanza kumwombea."

"Ombeeni kwanza hilo tumbo lako," akajibu Mama Brenda. Watu wakacheka, na mkungu akauchukua yeye. Maziwa yakaenda kwa mwalimu mmoja, kuku kwa mwenye mashine ya kusaga. Elisaria akasimama pembeni, mikono nyuma, akisikiliza vitu vya mama yake vikiitwa kwa jina lake.

Walipokuwa wanapanda kurudi nyumbani, yeye na mkewe, wakamkuta jirani yao Valerian, Mkatoliki, amekaa kwenye ukuta wake wa mawe akimenya muwa.

"Mama Kindness, mkungu wenu umepita hapa."

"Umeelekea wapi?" akauliza Eunike.

"Juu, kwa bibi. Unatembelea chana za chini, polepole, kama mtu mwenye viatu vipya. Nimeupisha."

"Na maziwa?" Elisaria akadakia.

"Maziwa sijayaona. Labda yamepita mfereji."

Ndivyo yalivyopita. Mfereji ule wa wazee, unaoteremsha maji kutoka msituni, siku hiyo ulikuwa na maji yakishuka upande wa kulia na uzi wa maziwa ukipanda upande wa kushoto, na havikuchanganyika. Kuku naye alikuwa anarudi, lakini kuku akitembea barabarani nani amtazame mara mbili.

Wakamkuta Bibi Aikande ameketi kitandani. Mkungu umeegemea ukuta, umetulia. Kikombe chake kimejaa maziwa hadi ukingoni, amekishika kwa mikono miwili, hajanywa.

"Kunywa, mae," akasema Eunike.

"Ngoja mwenyewe aseme."

"Mwenyewe ni Mungu," akasema Elisaria.

"Basi si ndiye kayaleta."

"Mungu hawezi kujipokonya sadaka, mama. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Ni kweli, alimfundisha. Alipokuwa mdogo alimpiga viboko kwa kuonja ndizi za malimbuko. Bibi akamrudishia mwanawe kikombe. Elisaria akawapelekea wanunuzi vitu vyao mwenyewe, kwa uaminifu, na kabla hajamaliza kunawa miguu vikawa vimesharudi. Siku iliyofuata mkungu ukaanza kuiva kando ya kitanda, nyumba nzima ikanukia ndizi, na mwanamke mwenye njaa akawa analala katika harufu hiyo. Eunike aliingia kufagia, hakumaliza. Akatoka nje akatema mate kwenye majani ya kahawa.

Jumapili zilizofuata mambo yakawa yale yale. Wanunuzi wakalalamika, si kwamba vitu vinatembea, ila kwamba vinatembea baada ya mnada. Mchungaji Isack akaja na wazee wa kanisa kulitazama jambo hilo. Wakakaa kwenye ukingo wa kitanda kwa kuwa chumba hakikuwa na viti, na bibi akakunja miguu kuwapa nafasi. Elisaria akamwagiza mkewe awapikie chai kwa maziwa ya asubuhi, maana watumishi wa Mungu wanahesabiwa upande wa Mungu. Eunike akawaletea na mkate uliopakwa siagi.

Chai ikamiminwa. Maziwa yakajitenga vikombeni, yakapanda ukingo, yakashuka mguu wa meza na kuvuka sakafu hadi kwenye kikombe cha bibi. Mchungaji alipoona chai yake imebaki ya rangi akaomba aongezewe sukari.

"Mama yetu," akasema, "tatizo tumeliona. Hujaachilia."

"Nimeshika nini, mchungaji?"

"Moyoni."

"Moyoni mna njaa tu, baba."

Wazee wakatazamana, midomo iking'aa siagi. Mmoja akasema uzee nao ni mtihani. Wakamwomba aseme kwa kinywa chake kwamba anaachilia, naye akasema, kwa sauti safi, kama mtu wa kipaimara mbele ya madhabahu. Wakaomba. Maziwa hayakuondoka kikombeni. Elisaria akayachukua, akampa paka, na paka akageuza uso.

Wazo la maana likatoka kwa Sifael, aliyezoea mabomba. "Kitu kinafuata bibi," akasema. "Basi tusihangaike na kitu. Tumhamishe bibi."

Tangu hapo, kila Jumapili Bibi Aikande alibebwa hadi kanisani, akawekwa kwenye kiti cha plastiki karibu na madhabahu, na kweli, mikungu na mayai na maboga yakatulia miguuni pake kama mbuzi waliofika zizini. Baada ya mnada, bibi na mkungu walipelekwa kwa mnunuzi, wote juu ya bodaboda, dereva mbele, bibi katikati, mkungu nyuma ukimwegemea. Alikaa jikoni kwa mnunuzi mpaka ndizi ziive chunguni na ziliwe, kisha anarudishwa. Elisaria alikuwa amewaeleza wote, kwa upole, kwamba asipewe. Nao hawakumpa. Mama Brenda alimwambia Eunike kisimani, bila haya yoyote, "Alikuwa anatutazama mdomoni, masikini. Ila tulishaambiwa."

"Mkamaliza?"

"Tukamaliza. Mtori wa mshare unabakizwaje?"

Eunike akajitwisha ndoo. Alikuwa na la kujibu, lakini lilikuwa linamhusu na yeye mwenyewe.

Jumapili moja Valerian akapitia mnadani akitoka misa, akataja bei, akaupata mkungu. Mkewe Mektrida akapika mtori wenye nyama na maziwa, akampakulia bibi bakuli la kwanza kabla ya watoto. Bibi akauliza mwenye ndizi ni nani. Valerian akasema ni mimi, shikamoo, karibu ule. Basi akala. Eunike, aliyetumwa kumchukua, alisimama mlangoni akisikiliza kijiko kikikwangua bakuli. Akala na la pili. Siku kadhaa baada ya hapo bibi aliweza kutoka mwenyewe kuota jua, akamcheka paka, akamwambia Eunike kwamba Wakatoliki wanajua kuweka chumvi.

Jumapili iliyofuata likasomwa tangazo kwamba wanaoruhusiwa kununua mnadani ni washarika tu, ili baraka zisitoke nje ya boma.

Eunike alijaribu mara moja. Elisaria alikuwa kwenye kikao cha kamati. Akakichukua kile kikombe kilichojaa, akamwinua mkwewe kichwa, akamgusisha ukingo wa kikombe midomoni. Midomo ikafungwa. Maziwa yenyewe yakajisogeza, yakapanda hadi chini ya pua ya bibi, yakasubiri.

"Mae, nakuomba. Utakufa."

Bibi akageuza uso ili apate kusema. "Usinifanye mwizi wa Mungu, mwanangu. Elisaria akiniambia ninywe, nitakunywa."

"Hatakwambia."

"Basi nitakuwa nimemlea vizuri."

Eunike akakiweka kikombe chini. Angeweza kumbana pua kama mtoto anayekataa dawa, na mikono ilikuwa na nguvu hiyo. Hakufanya. Akaenda kumkamua ng'ombe, kwa kuwa jioni ilikuwa imefika na maziwa ya kwanza ya usiku yalikuwa yanasubiriwa.

Bibi Aikande alikufa Jumapili, kwenye kile kiti cha plastiki, mahindi yakiwa yameanza kutoa mbelewele. Eunike ndiye aliyeona. Mkungu uliokuwa umesimama karibu na goti la bibi ulilala chini polepole, na mayai yakabingirika yakajipanga kuzunguka miguu yake. Akatoka nje, mahali Sifael alipokuwa ameshaanza kunadi kabichi, akamshika mumewe mkono.

"Baba Kindness, mama amefariki."

Elisaria akaingia, akatazama, akamfumba mama yake macho kwa vidole viwili. Machozi yakamtoka, ya kweli. Kisha akajifuta.

"Tumalize mnada," akasema. "Ya Mungu kwanza. Msiba utatangazwa baadaye."

Sifael akamaliza kabichi, akaingia kuchukua ule mkungu, akautoa nje, akaunadi. Akarudi kuchukua mayai moja moja kutoka miguuni pa marehemu. Akasema kwa sauti ya chini "samahani, bibi," kwa kila yai, kwa sababu alikuwa na adabu. Eunike alitapika nyuma ya kanisa, na akina mama wa uimbaji wakamletea maji wakidhani ni mimba.

Msiba ulikuwa mkubwa. Ng'ombe wawili wa shamba la pili walichinjwa na watu walikula hadi wakafunga mifukoni. Bibi akazikwa kihambani kati ya migomba, kaburi likawekewa marumaru ya kijivu. Jumapili iliyofuata sadaka za kihamba kile zilipanda hadi kaburini, mikungu ikajipanga juu ya marumaru, maziwa yakajaa katika chombo cha maua. Usharika haukusumbuka tena. Jumatatu asubuhi pikapu ya kanisa hupita, vijana wawili wanapakia, na wanunuzi wanachukulia vitu vyao ofisini.

Mchungaji Isack alihamishiwa Mabogini, anakohubiri kati ya mashamba ya mpunga, na kila akiuona mpunga wa kwanza humtaja Elisaria. Sifael alinunuliwa kipaza sauti. Mnara wa kanisa ulikwisha, una kengele. Mama Brenda alipata ugonjwa wa sukari, haruhusiwi ndizi. Valerian aliacha kupita mbele ya kanisa lile, anazungukia njia ya chini, na Mektrida hupeleka bakuli la mtori kaburini kila Pasaka, na paka wanalila. Kindness, mtoto wao wa kwanza, yuko Dar, ana kibanda cha kutuma fedha kwa simu, harudi sana. Elisaria ni mjumbe wa mkutano mkuu sasa, mvi zimemkaa vizuri, na magoti yanamuuma. Eunike hanywi maziwa, akiyaona tu anageuza uso, lakini anakamua asubuhi na jioni. Yohana, kitindamimba wao, alirudi mwaka jana kutoka chuo cha Biblia na mke mcha Mungu, akajenga karibu na lami, akamweka baba yake kwake kwa sababu ya magoti. Eunike akaambiwa na mwanawe abaki juu, kihambani, kwenye nyumba ya zamani. Yohana akapanda kumsaidia kuhamisha kitanda. Akasimama mlangoni, akamuuliza mama yake kwa heshima ni migomba ipi ataihesabu kuwa yake, ili malimbuko yajulikane. Eunike akamwonyesha.